Kufika uwanja wa TUM, Tudor

Dada, umeuliza utafikaje uwanja wa TUM (Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa) kutoka Likoni kumtazama mwanao akicheza. Vuka feri, kwa miguu hulipi kitu, ukifika mjini panda matatu ya Tudor umwambie makanga akushushe Poli. Chuo kimekuwa kikuu tangu 2013, lakini jina lake la zamani, Mombasa Polytechnic, bado limewakaa watu mdomoni. Wazee hata watakuambia MIOME, jina la awali zaidi, yaani Mombasa Institute of Muslim Education. Njoo baada ya alasiri, dada yangu. Jua la saa nane uwanjani si la mchezo, na jasho la hapa halikauki. Mbebee kijana maji ya kutosha. Mechi ikiisha, shukeni mkale viazi karai kwa ukwaju. Mwanao atafurahi mno kukuona.