Mimea ya Ndani Wakati wa Kipupwe: Punguza Maji, Ongeza Mwanga

Kila mwaka upepo wa kusi unaposhika na mvua za masika zikaanza kulegea, majirani na jamaa huniletea swali lile lile: mbona mmea wangu wa ndani unageuka manjano, ilhali naumwagilia kila siku? Jibu langu ni moja kwa miaka kadhaa sasa, nalo limo ndani ya swali lenyewe. Unageuka manjano kwa sababu unamwagiliwa kila siku.

Nilijifunza hilo kwa hasara. Wakati huo nilikuwa nikiishi ghorofa ya pili huko Kibokoni, Mombasa, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na madirisha yanayotazama kichochoro. Mwezi Juni nilisoma ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, ya kwamba msimu wa baridi ukifika mimea ya nchi za joto iondolewe dirishani na majani yake yanyunyiziwe maji mara kwa mara. Niliufuata neno kwa neno. Nikaisogeza filodendroni, kalathea na pothosi katikati ya ukumbi, nikazinyunyizia asubuhi na jioni, na kila nilipoona jani limelegea nikaongeza kikombe kingine cha maji. Kufikia katikati ya Julai filodendroni ilikuwa imelala kabisa. Shangazi yangu alipokuja kunitembelea, hata hakuyatazama majani. Alitandaza gazeti sakafuni, akashika shina karibu na udongo, akakipindua chungu. Mizizi ilitoka ya kahawia, laini, na alipoibana kwa vidole ganda lake lilivuka likabaki uzi mwembamba tu. Harufu yake ilikuwa ile ya matope ya mikokoni maji yanapokupwa. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa nani aliyekuwa na kiu?"

Kosa langu halikuwa uvivu bali kutojua kipupwe chetu ni kitu gani. Mombasa mwezi Julai usiku huwa na nyuzijoto 20 hadi 22, na mchana hufika 27 au 28. Mimea mingi ya misitu ya joto huanza kuumia halijoto ikishuka chini ya nyuzijoto 13 hivi, kwa hiyo baridi yetu haiwezi kuiua. Kinachobadilika ni mambo mengine: mawingu huziba jua, mvua ya mchoo hupita mara kwa mara, na hewa hujaa unyevu. Maji hayakauki haraka kwenye udongo, na mmea wenyewe, kwa kuwa unapata mwanga kidogo, hukua polepole na kunywa kidogo. Mizizi huvuta hewa kupitia vinafasi vilivyo katikati ya chembe za udongo, na vinafasi hivyo vikijaa maji siku nyingi mizizi hukosa pumzi, ikafa, kisha kuvu wakaimaliza. Majani nayo hulegea kwa sababu mizizi iliyooza haiwezi tena kuyapandishia maji, na mwenye mmea akiona yamelegea hudhani ni ukame, akazidi kuuzamisha.

Dada yangu anayeishi Uingereza hupambana na hali iliyo kinyume cha hii. Mwezi Disemba mchana wa London huwa na urefu wa takriban saa 8 tu, vioo vya madirisha huwa baridi kama barafu, na vifaa vya kupasha joto nyumba huikausha hewa mpaka ncha za majani zinakauka na kuwa za kahawia. Ushauri niliousoma uliandikwa kwa ajili ya nyumba kama yake, na kwake unafaa. Hapa kwetu, ambako tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki nusu saa na hewa ina unyevu wa kutosha, kunyunyizia majani mwezi Julai ni kukaribisha ukungu na madoa.

Basi nitaeleza ninavyofanya. Siku hizi simwagilii kwa kufuata kalenda. Nina kijiti cha mbao, kile kile cha kuchomea mishikaki, ambacho hukichomeka taratibu kwenye udongo mpaka karibu na kitako cha chungu, nikakiacha dakika 10, kisha nikakichomoa. Kikitoka kimekoza rangi na kimeshika udongo, naondoka bila kumwaga hata tone. Kikitoka kikavu, ndipo namwagilia, tena kwa ukamilifu, mpaka maji yatiririke kwenye tundu la chini, kwa sababu kudokoa nusu kikombe kila siku hulowesha juu na kuacha chini kukiwa hakujulikani. Pothosi yangu, ambayo wakati wa kaskazi hutaka maji kila baada ya siku 3 au 4, wakati wa kipupwe hukaa siku 10 bila kulalamika. Anayetaka njia ya haraka zaidi anaweza kuzoea uzito: inua chungu siku uliyomwagilia, kiinue tena baada ya wiki, na mikono itakuambia.

Baada ya maji, jambo ninalolijali zaidi ni mwanga, na hapa wengi hawafikirii jua linapita wapi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni na Julai jua la mchana huelemea kaskazini, na mwezi Disemba huelemea kusini. Dirisha la kusini lililokuwa likipigwa jua wakati wa kaskazi huwa na kivuli wakati wa kipupwe, na juu ya hayo ndilo linalopokea upepo wa kusi wenye chumvi. Kwa hiyo mwezi Juni huhamishia vyungu vyangu upande wa kaskazini wa nyumba, ambako vinapata mwanga na vinajikinga na upepo kwa wakati mmoja. Uhamisho huo uwe wa hatua kwa hatua, kwa muda wa wiki moja hivi, kwani jani lililozoea kivuli likikutanishwa ghafla na jua huungua na doa lake halifutiki.

Chumvi ina habari yake pekee. Wanaoishi karibu na bahari wataona kingo za majani zinazotazama upepo zikikauka na kuwa za kahawia. Dawa ni kuyafuta majani kwa kitambaa laini na maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, asubuhi, ili yakauke kabla ya usiku. Lakini chumvi mbaya zaidi huingia kwa maji ya kumwagilia, kwani visima vingi vya mji huu vina maji ya chumvichumvi. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu cha udongo, ndiyo hiyo imejikusanya. Mimi hukinga maji ya mvua ya masika kwenye pipa lenye kifuniko, na maji hayo ndiyo hunifikisha karibu na vuli. Kwa sababu hiyo hiyo mchanga wa ufuoni usiuguse kwa kuchanganyia udongo, na makumbi yaliyofukiwa pwani ili yalainike yasuuzwe kwa maji baridi mara kadhaa kabla ya kutumika.

Kisahani kilicho chini ya chungu kimwagwe maji nusu saa baada ya kumwagilia. Maji hayo hurudi kwenye mizizi, na tena mbu anayeeneza homa ya dengue hupenda kutaga katika vyombo vidogo kama hivyo. Mji wetu umewahi kukumbwa na milipuko ya ugonjwa huo, ukiwemo wa mwaka 2013, na kwangu hilo si jambo la kupuuza kwa ajili ya ua.

Mbolea naiacha kabisa mwezi Juni na Julai, na chungu sikibadilishi isipokuwa mizizi imeshaoza.

Kuna mahali pamoja Mombasa ambapo ushauri wa Ulaya unafaa, napo ni ofisini penye kiyoyozi kinachofanya kazi kutwa nzima. Hewa yake ni kavu, na mmea uliowekwa mbele ya mdomo wa kiyoyozi hupata kipigo kile kile anachokieleza dada yangu. Uondoe hapo, uupange pamoja na mingine ili ipeane unyevu, na uchunguze udongo mara nyingi zaidi.

Kwa anayeanza, ningempa zamioculcas. Wengi huidhani ya kigeni kwa sababu ya bei yake kwenye vitalu, ilhali asili yake ni mashariki mwa Afrika, Kenya ikiwemo. Chini ya udongo ina viazi vinavyohifadhi maji, nayo huvumilia kusahauliwa mwezi mzima, ila haivumilii kumwagiliwa kila siku.

Upepo ukitulia na demani ikaingia, kati ya mwishoni mwa Agosti na Septemba, utaona kijiti kinatoka kikavu mapema zaidi na majani mapya yanaanza kujikunjua. Hapo ndipo mbolea hurudi, nusu ya kipimo kwanza, na vyungu vilivyobana hubadilishwa. Filodendroni niliyo nayo leo ilitokana na kipande cha shina, urefu wa kidole, ambacho shangazi alikikata juu ya sehemu iliyooza siku ile na kukiweka kwenye glasi ya maji dirishani. Ilichukua majuma 5 kutoa mizizi.