Kikagua tahajia na maneno yasiyokubaliwa

SWALI: Nimeingiza “chakata” kwenye kamusi yangu binafsi ya LibreOffice, lakini “anachakata”, “walichakata” na “tutachakata” bado yanapigiwa mstari mwekundu. Je, niongeze kila umbo peke yake?

JIBU: Hapana, hutamaliza. Kamusi binafsi ni orodha tu. Kwa kawaida hulinganisha neno herufi kwa herufi, wala haitambui kiambishi. Inafaa kwa majina ya watu na istilahi zisizobadilika. Vitenzi vinahitaji kamusi ya Hunspell (kikagua tahajia kinachotumiwa na LibreOffice), yaani mafaili mawili yenye jina moja: la .dic hubeba mashina, la .aff kanuni.

kamusi.dic:

2
chakata/A
pakua/A

kamusi.aff:

SET UTF-8
PFX A Y 3
PFX A 0 ana .
PFX A 0 wali .
PFX A 0 tuta .

Ile /A huunganisha shina na kanuni za PFX A, yaani za viambishi awali. Namba inayoanza .dic ni makadirio ya idadi ya maneno. Ile 3 ya .aff, kinyume chake, lazima ilingane na mistari inayofuata, na hapo ndipo wengi hukosea wanapoongeza kanuni. Sifuri ina maana shina halipunguzwi kitu. Nukta ina maana kanuni inahusu shina lolote.

Nafsi na wakati vimeunganishwa kwa sababu Hunspell, isipoelekezwa vingine, hung’oa kiambishi awali kimoja tu. Nafsi 6 kwa nyakati 4 (na, li, ta, me) ni mistari 24, kazi ya muda mfupi. Ukitaka na viambishi vya mtendwa, weka COMPLEXPREFIXES (amri ya kuruhusu viambishi awali viwili) mwanzoni mwa faili la .aff, ingawa hapo utabaki na ngazi moja tu ya viambishi tamati.

Vitenzi vya silabi moja viandike pamoja na ku-: kula/A, kunywa/A. Ukiandika la/A, kamusi itapitisha “anala”, na kosa hilo halitapigiwa mstari tena.

Kabla ya kuitumia, ijaribu kwa makala ndefu:

hunspell -d ./kamusi -l makala.txt

Utapata maneno yote yaliyokataliwa. Yapitie kwa jicho kali. Usiyamwage yote kwenye .dic, maana makosa ya chapa yamo humo humo.

SWALI: Kamusi yangu ya Hunspell ina “ng'ombe”, lakini katika baadhi ya nyaraka neno hilo linakataliwa. Kwa nini?

JIBU: Alama za ritifaa ni mbili: iliyonyooka na iliyopinda, ambayo programu nyingi za uandishi huiweka zenyewe. Kwa kompyuta, hizo ni herufi tofauti. Andika kwenye .aff (ICONV hubadili herufi kabla neno halijakaguliwa):

ICONV 1
ICONV ’ '

Kisha hakikisha .dic yote inatumia iliyonyooka.