Maji ya Kijiji: Tupime Vipi Njia Tatu Tulizoletewa?

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Naishi Mikindani, Mombasa, lakini kwetu ni Kinango, kaunti ya Kwale, na wenzangu wamenichagua kuwa katibu wa kamati ya maji ya kijiji. Shirika moja la misaada limetutaka tuchague kati ya kisima kirefu chenye pampu ya sola, kupanuliwa kwa silanga letu (bwawa la kukinga maji ya mvua), na bomba la kuunganishwa na laini kubwa iliyo mbali nasi. Wengi katika kamati wanataka kisima kwa sababu ndicho cha bei nafuu. Wazee nao wananung'unika kwamba hawakuulizwa. Tufuate utaratibu gani ili ulinganisho uwe wa haki? – Katibu, Mikindani.

JIBU: Ndugu Katibu, salamu zimefika. Kamati yako imeanza na bei ya ujenzi, nami ningeiweka mwisho. Anzeni na mwezi mbaya kuliko yote: katika kiangazi cha Januari hadi Machi, hasa vuli ikiwa haikunyesha, kila njia itatoa lita ngapi kwa siku, na mtu ataweza kuyanywa maji hayo?

Kwa kisima, swali hilo ni zito. Sehemu kubwa ya Kinango imekaa juu ya miamba ya Duruma, ambayo maji yake ya chini mara nyingi huwa ya chumvi kiasi kwamba ng'ombe huyanywa na mtu huyatema. Kabla ya mtambo wa kuchimba kuletwa, dai ripoti ya mtaalamu wa maji ya ardhini pamoja na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kikishachimbwa, pampu iendeshwe mfululizo mchana na usiku huku kina cha maji kikipimwa, kisha sampuli ipelekwe maabara kuangaliwa chumvi, vijidudu na floraidi, madini ambayo kikomo chake kwa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kisima kinachofoka maji siku ya uzinduzi, mbele ya wageni na kamera, hakijathibitisha lolote. Zaidi ya hayo, unafuu wake upimwe kwa miaka 20, si kwa siku ya kukabidhiwa: pampu haitadumu muda wote huo, na fedha za kuibadilisha zitatoka katika kioski chenu cha maji, kwa sababu wakati huo wafadhili watakuwa wamekwisha kuondoka.

Silanga ni rahisi kulielewa. Jua hulipunguzia kina kinachozidi mita moja na nusu kwa mwaka, kwa hiyo kulipanua bila kulichimba zaidi ni kuliongezea jua uwanja. Lizungushiwe ua, mifugo inywe kwenye birika la pembeni, na maji ya kunywa yachujwe na kutiwa dawa.

Kuhusu bomba, mkazi wa Mikindani hahitaji kuelezwa habari za mgao. Mombasa yenyewe hutegemea maji ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, vyanzo ambavyo vyote viko nje ya kaunti hiyo, na bado mifereji hukauka. Msiridhike na ramani. Takeni kiasi cha maji kilichotengewa kijiji chenu, kwa maandishi.

Kuna njia ya nne ambayo hukuitaja, nayo ni kuacha mambo yalivyo. Isiachwe nje ya jedwali, kwa maana nayo ina gharama. Familia ya watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja huhitaji madumu sita kwa siku. Dumu likiuzwa shilingi 20, hizo ni shilingi 3,600 kwa mwezi, mbali na saa ambazo akina mama na wasichana hupoteza njiani. Katika mradi wa Navajo-Gallup nchini Marekani, unaopeleka maji ya mto San Juan kwa jamii za wenyeji asilia wa huko, yaani Wanavajo na sehemu ya Waapache wa Jicarilla, na kwa mji wa Gallup, ripoti ya mwaka 2007 iliweka njia ya kutofanya kitu kando ya njia za ujenzi, katika eneo ambalo takriban asilimia 40 ya kaya za Wanavajo zilikuwa zikisomba maji kwa magari. Sheria ya mradi ilipitishwa 2009, lakini jamii za kwanza zilifikiwa na maji karibu na 2020. Mkichagua bomba, basi, ulinganisho wenu useme pia watu watakunywa nini wakati wa kungoja. Huenda silanga likahitajika hata hivyo.

Wazee wana haki ya kunung'unika. Wao ndio wanaojua mipaka ya kaya na makaburi ambako mtaro haupaswi kupita, na kama ardhi yenu imesajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, uamuzi wa kuitoa ni wa mkutano wa jamii, si wa wanakamati saba chini ya mwembe. Akina mama waulizwe peke yao mahali pa kuweka kioski, kwani mbele ya waume zao wengi watanyamaza.

Kwa maoni yangu, kura isipigwe mwezi huu. Liandikieni shirika mkiuliza ni nani atakayelipa iwapo kisima kitatoka kikavu au cha chumvi, na jibu lisomwe mbele ya wazee kabla ya karatasi yoyote kutiwa saini.