Mkopo wa nyumba baada ya talaka
Kama mlichukua mkopo wa nyumba pamoja, baada ya talaka bado unadaiwa, hata kama mahakama imeamuru mtalaka wako ndiye alipe. Benki haikuwa sehemu ya kesi yenu. Mkataba wa mkopo una saini zenu wote wawili, na amri ya talaka inawafunga ninyi tu. Akichelewesha marejesho, wewe pia utafuatwa. Wakili anayezijua kesi hizi huweka kwenye makubaliano tarehe ya mwisho ya yeye kuchukua mkopo mpya kwa jina lake pekee, la sivyo nyumba iuzwe, pamoja na kifungu cha yeye kukufidia ukilazimika kulipa deni hilo. Benki inaweza kumnyima mkopo huo ikiona kipato chake hakitoshi, kwa hiyo hicho kipengele cha kuuza kisikosekane. Na usisaini kuhamisha umiliki kabla benki haijakuondoa kwenye mkopo kwa maandishi.