Maswali ya mafundi: regulata ya miguu mitatu bado ina kazi

Nafungia watu wa boda chaja za simu hapa Kondele, Kisumu, kwa 7805, ile regulata (chipu ya kushusha na kutuliza volti). Mbona inachoma kidole, halafu simu inaacha kuchaji?

Injini ikinguruma, betri ya pikipiki hufika volti 14 hivi. 7805 inatoa 5, na hizo 9 zinazobaki inazigeuza joto. Simu ikivuta ampea 1, unapoteza wati 9 ili wati 5 ziingie kwenye simu. Kule kuacha kuchaji si ubovu: chipu ina ulinzi ndani, inajikata ikipata moto kupita kiasi, ikipoa inarudi. Ungeweza kuifungia bati la kupozea, lakini chini ya kiti upepo utatoka wapi? Kwa kazi hii weka moduli ya LM2596, regulata inayoshusha volti kwa kuwasha na kuzima mkondo. Nasema hivyo ingawa 7805 naipenda.

Basi si tuweke LM2596 kila mahali? Natengeneza redio Kakamega.

Redio ndizo zinazonifanya nikatae. LM2596 huwasha na kuzima mkondo mara 150,000 kwa sekunde, na kelele zake hujirudia kwenye kilohezi 600, 750, 900 na kuendelea, katikati kabisa ya AM. Mzee wa watu anangoja taarifa ya habari, anapata mluzi. Regulata ya zamani kama 7805 haiwashi wala kuzima chochote, kwa hiyo haina kelele hiyo. Na joto? Redio ya betri nne ukiitoa kwenye volti 12 kwa 7806, ndugu wa 7805 anayetoa volti 6, ikivuta miliampea 100, ni wati 0.6 tu. Usisahau kapasita mbili ndogo karibu na miguu, maikrofaradi 0.33 upande wa kuingia na 0.1 wa kutoka. Mafundi wengi huziruka, kisha wanalaumu chipu.

Mikisa ya sauti ya kanisa ni vivyo hivyo: 7815 na 7915 zitaipa volti 15 chanya na hasi bila mvumo. Ila 7915 haifuati mpangilio wa nduguye. Mguu wa kwanza ni grandi (volti sifuri), wa kati ndio unaoingiza umeme, na bati la mgongoni limeungana na huo wa kati. Likigusa kasha la chuma, umepiga shoti.

Nataka volti 9 kwa LM317, regulata ya kurekebishwa. Rezista zipi? (Nakuru)

Omu 240 kati ya kutoka na mguu wa kurekebisha, omu 1,500 kutoka hapo hadi grandi. Utapata 9.1 hivi. Chipu hii ya miaka ya 1970 hushikilia volti 1.25 kati ya ncha mbili za ile rezista ya kwanza. Hesabu nyingine zote zinatoka hapo.

Sola yangu ndogo ni ya volti 6. 7805 itafaa? (Bungoma)

Hapana. Inahitaji 7 na zaidi.

Nimeng'oa 7805 kwenye TV mbovu. Niitumie?

Itumie, lakini kuipima bila mzigo hakutoshi. Ilishe volti 9, uifungie rezista ya omu 10 ya wati 5 kwa sekunde chache. Mita ikisoma kati ya 4.8 na 5.2, iweke kwenye kopo lako la spea.