Chupa ya soda ya kioo sijawahi kuitoa mtaroni

Mkuu umeandika eti taka za plastiki ni ustaarabu wetu mbovu, viwanda tusivisingizie. Mi nimeuza dukani huku Ujiji, Kigoma, miaka kumi na kitu, ngoja nikubishie kidogo.

Zamani soda ilikuwa ya chupa ya kioo tu. Mtoto akija unamwambia acha hela ya chupa au kanywee hapo kwenye benchi, na mama yake akisahau kuirudisha utamuona jioni anakuja nayo kaifichia kwenye kanga, maana mia tano yake imo mle. Hata ikidondoka njiani kuna dogo ataiokota ailete kwangu. Mtaro wa mbele ya duka nilikuwa nauzibua mwenyewe kila masika, natoa mchanga, maganda ya miwa, kandambili moja moja, chupa ya soda hata siku moja. Zilipokuja za plastiki kila mtu akafurahi, gari halina tena haja ya kurudi na makreti matupu (na kutoka Kigoma mpaka kiwandani unajua ni mwendo gani), na mi nikapumzika kugombana na wateja. Mvua za kwanza tu mtaro ukaziba, maji yakaingia ndani yakanilowesha gunia zima la sukari. Wateja wale wale, mtaa ule ule, hao unaowaita hawajastaarabika ndo walikuwa wananirudishia chupa. Sasa nani kabadilika hapo?

Au chukua mifuko ya rambo, ile ya plastiki ya kubebea vitu. Tulihubiriwa usafi weee, wapi. Ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, kuanzia kutengeneza, kuingiza mpaka kuuza, haikuchukua muda tukarudi kwenye vikapu. Halafu cheki faini zenyewe: anayekutwa nao kuanzia 30,000, mtengenezaji kuanzia milioni 20 mpaka bilioni 1. Aliyeandika ile kanuni alijua mzigo mzito uko kwa nani. Ujerumani nao tangu 2003 chupa nyingi za kutupa wameziwekea senti 25 za yuro unazorudishiwa ukiipeleka dukani, yaani mia tano yangu ile ile ya Ujiji.

Huku kwetu kinachotoka mtaroni kinaishia ziwani, na Tanganyika mto unaotoa maji ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, maji mengine yote yanakaushwa na jua. Plastiki jua halibebi. Shemeji yangu anavua dagaa Kibirizi, wakikung'uta wavu asubuhi kuna mtu kazi yake kuchambua vifuko vya sabuni na vizibo kabla dagaa hawajaanikwa.

Ila kwenye pampasi za watoto, kwamba tunazitupa hovyo wenyewe, hapo umenipata mkuu. Za kitinda mimba wangu nilikuwa nazipeleka korongoni usiku usiku, na siku nimekutana na jirani naye kabeba mfuko wake tulisalimiana tu kila mtu akashika njia yake.