Mwanangu Mwanaidi, kuhusu ile Altezza

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu zako zimefika, na mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama utoe zile milioni 14 ulizodunduliza ununue gari, Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999, gia za mkono, kwa kuwa dalali amekuambia itapanda bei kama Supra, uiweke miaka mitano kisha uiuze mara mbili. Nimelifikiria swali lako siku mbili nzima.

Hilo la Supra liondoe kichwani. Supra inayogombaniwa ni ile ya 1993 hadi 2002 yenye injini ya 2JZ-GTE, lita tatu, turbo mbili, hasa ya gia za mkono. Watoto waliokuwa wakiiendesha kwenye michezo ya video sasa ni watu wazima wenye pesa. Tena Marekani hulegeza masharti kwa gari la nje likishatimiza miaka 25, kwa hiyo kila mwaka wateja wapya wanaongezeka. Altezza ni gari zuri, mimi mwenyewe nalipenda, lakini halina jina hilo.

Mfano wa karibu yake ni AE86, ile Corolla ya 1983 hadi 1987. Lilikuwa gari la kijana asiye na kitu: injini ya 1600, jepesi, linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Vijana walilikata springi, wakalitelezesha kwenye kona, wakaligongesha. Yale machache yaliyobaki mazima leo yana bei kuliko siku yalipotoka dukani. Altezza nayo inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na vijana wetu wanaimaliza vivyo hivyo. Kwa hiyo dalali hajasema uongo mtupu. Itakayopanda ni ile isiyoguswa, na hapo ndipo picha ulizonitumia zinaponitia wasiwasi.

Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Kabla hujazaliwa, mzee mmoja wa Raskazone aliniletea Datsun 240Z, aina ileile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Injini yake, L24 ya silinda sita, ilikuwa imekufa na spea hazipatikani. Tukaing'oa, tukatia ya pikapu, na ile ya asili ikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Gari likatembea, mzee akafurahi. Miaka mingi baadaye watoto wake walitaka kuliuza, akaja mnunuzi kutoka Nairobi. Alifungua boneti, akakifuta vumbi kibati chenye namba kwa kidole gumba, akainama kusoma namba iliyogongwa kwenye injini. Hazikulingana. Akafunga boneti polepole, akashukuru, akaondoka. Ile injini niliipakia kwenye mkokoteni kwa mikono yangu, na mpaka leo inaniuma.

Sasa hiyo yako. Mwambie dalali akufungulie boneti, upige picha kibati cha chasi. Kikiandikwa SXE10 ni RS200 ya kweli, yenye 3S-GE ya silinda nne. Ile ya gia sita za mkono ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210. Kikiandikwa GXE10, hiyo ni AS200, ndugu yake wa silinda sita, injini ya 1G-FE, imevalishwa bampa na beji za mwenzake. Si gari baya kutembelea, ila usilipe bei ya RS200.

Kisha omba karatasi ya mnada ya Japani, ile wanayoandika hali ya gari kabla ya kuliuza. Ukiona R kwenye alama ya jumla, lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro, W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Karatasi ikikosekana, chukua sumaku ya spika kuukuu uifunge kwenye kitambaa, uipitishe kwenye fenda za nyuma na chini ya milango. Inaponing'inia bila kushika, hapo kuna puti, ile ya kuziba mabonde kabla ya kupaka rangi. Nyanyua zulia la buti, toa tairi la akiba, uguse kwa vidole chini kabisa. Kwa gari lililolala karibu na bahari, kutu hujificha hapo. Kwenye picha zako naona rimu pana, ekzosi kubwa, na limeshuka mpaka tairi linakaribia fenda. Muulize vitu vya asili viko wapi. Kama springi na ekzosi yake vimo stoo, hilo ni jambo jingine kabisa, maana linaweza kurudishwa kama lilivyotoka kiwandani.

Na ukishalitunza, utamuuzia nani? Mmarekani analifuata kulekule Japani, kwenye mnada, na karatasi yake. Hapa atakuja kijana anayetaka kulishusha tena, na hatakulipa hata senti kwa usafi wako. Toyota IST, lile gari dogo, ya bei hiyohiyo utaiuza upesi zaidi. Miaka hiyo mitano kuna bima, tairi, na banda lisilopigwa na upepo wa chumvi.

Kwa hiyo, kama ni kutafuta faida, sikushauri. Kama unalipenda na hizo milioni si za kodi wala za ada ya mdogo wako, na kibati kikasema SXE10, nitakuja. Usitoe hata kishika uchumba kabla sijalitia mkono. Nitumie picha ya kibati usiku huu, na kadi ya gari nilione jina la nani limo. Jumamosi napanda basi la alfajiri, sumaku ninayo mfukoni.

Baba yako